Mtandao Wetu na Namba ya Watu Wengine

Binti yangu aliniambia kwamba kisanduku hakitujui. Nilikuwa mlangoni mwa depo, jicho moja kwenye mizani, jingine kwenye watu wanaoshuka kwenda petite barrière, kivuko cha mpakani, nikadhani anamsema mtu wa ofisi fulani.

"Nani hatujui?"

"Kisanduku cha vifaa, Papa. Hiki ninachotumia kuunganisha pochi za simu na ukurasa wetu. Kimekuja na orodha ya mitandao kinayoijua. Wetu haumo."

"Gisenyi yetu hakiijui?"

"Hata Kigali hakiijui. Si mambo ya miji."

Nikaacha mizani. Mimi si mtu wa kukaa, na nikisikia sijulikani, kukaa ndiyo kabisa hakuwezekani. Barabara hii inanijua. Mgeni akishuka kwenye basi akauliza mzee wa depo ya bati jekundu, anashikwa mkono mpaka kwangu. Sasa kitu kilichotoka kwenye intaneti, ambacho hakijawahi kubeba gunia, kinasema hakinijui.

"Basi kiambie," nikasema.

"Ndicho ninachofanya, kama utaniacha."

Shule niliiacha mapema, upande wa Masisi, huko Congo, nilikozaliwa. Ng'ombe walinihitaji kuliko mwalimu. Kusoma nilijifunza kwenye maandishi ya magunia, na depo hii niliijenga mwenyewe baada ya kurudi Rwanda, tofali juu ya tofali, bila kumpigia mtu magoti. Sisemi ili nisifiwe. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtu aliyejijenga hivyo hapendi kuambiwa na mashine kwamba hayumo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ng'ambo ya mpaka, Birere, ndani ya Goma ya Congo, yuko mama mmoja mfanyabiashara ambaye nimefanya naye kazi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Yeye ananunua maharage upande wetu, Rugerero na Cyanzarwe, anayalaza kwangu, halafu anayavusha kidogo kidogo. Mimi nanunua mawese upande wao, nayalaza kwake, nayaleta kidogo kidogo. Yake inalala kwangu, yangu inalala kwake, na nyuma yetu wako akina mama wengine wa pande zote mbili wanaofanya vilevile chini ya kivuli chetu. Barrière ikifungwa mapema, na siku hizi inafungwa mapema, kila mtu anabaki na mali mahali asipoweza kuiona. Hapo maneno yanaanza. Yeye ana kumbukumbu yake, mimi nina yangu, na simu zinapigwa mpaka chaji inaisha.

Binti yangu alisoma mambo ya kompyuta Kigali. Akarudi na wazo: kumbukumbu moja inayoishi kwenye kompyuta mbili, moja kwangu, moja kwa yule mama, kila kinachoandikwa kinafungwa juu ya kilichotangulia, hakuna anayeweza kufuta peke yake mwenzake asione. Wenyewe wanaita blokcheni. Mimi niliita akili. Kuingia humo unahitaji pochi. Si ya ngozi, ni programu ya simu inayotia saini kwa niaba yako, na hakuna mwingine anayeweza kutia saini hiyo. Mama akiwa Birere, barrière imefungwa, anafungua simu, anaona maharage yake kwangu. Hanipigii. Hanitukani. Tunalala.

Nilipenda hapo pa kulala. Usingizi wangu ulikuwa umeharibika muda mrefu.

Kisanduku, binti yangu alinieleza, ndicho kinachoweka kile kitufe cha "Unganisha pochi" kwenye ukurasa. Kinajua pochi nyingi na mitandao mikubwa ya dunia. Mtandao mdogo kama wetu lazima uandikiwe kwa mkono: jina lake, namba yake, sarafu yake na desimali zake, anwani ya mlango ambao pochi itapitia, na anwani ya dirisha ambalo mtu yeyote anaweza kuchungulia kilichoandikwa.

Jina tulisema Depo Mbili. Sarafu tuliita debe, maana mtandao lazima uwe na sarafu hata kama hainunui hata ndizi. Aliponiambia debe moja litakatwa kwa desimali kumi na nane nilicheka mpaka nikakohoa. Debe gani hilo, la unga wa hewa?

Tukafika kwenye namba.

"Namba yoyote, Papa. Ila isiwe na mwenyewe."

"Mia mbili na hamsini," nikasema.

Sikufikiri hata kidogo. Namba hiyo imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wangu, kabla ya namba yangu ya simu, tangu siku tulizoanza kuwa na simu. Mia mbili na hamsini ni Rwanda. Ukiipiga kutoka popote duniani unafika nyumbani. Mtu aliyekulia ugenini anaelewa namba kama hiyo ina uzito gani. Aliyezaliwa nayo haelewi.

Binti yangu akaandika kidogo, akatazama. "Hii ina mwenyewe. Kuna mtandao mwingine unaitumia, mbali huko."

"Mbali wapi? Goma?"

"Hapana."

"Kigali?"

"Papa, ng'ambo ya bahari."

"Basi tutakutana nao wapi?"

"Kwenye simu ya mtu. Siku moja pochi ya mtu itakuwa inawajua wale, sisi itatuchanganya nao."

"Yewe! Wao ndio wamechukua namba ya nchi yetu, halafu mimi nihame?"

Alinitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama, akashusha pumzi, akaandika mia mbili na hamsini. Alipojaribu kwenye simu yake, pochi ilitoa maandishi ya manjano kuonya kwamba jina na namba havilingani na inavyojua. Akanionyesha. Nikamwambia manjano si nyekundu. Akabonyeza kukubali, mtandao ukafunguka, tukaona maharage na mawese yetu yamepangwa vizuri kwenye kioo, na mimi nikatoka nje kuwaambia watu barabarani kwamba Depo Mbili inafanya kazi.

Siku ya kumwonyesha mama wa Birere, nilifagia depo mwenyewe. Alikuja na jeton yake ya kuvukia mfukoni, kitenge kipya, na nyuma yake akina mama wengine wa kwao na wachache wa kwetu. Akakaa kwenye gunia lake mwenyewe, la maharage yake mwenyewe, kama malkia kwenye kiti chake.

"Mzee, leta hiyo uchawi yako tuione."

"Si uchawi, Maman. Ni kompyuta."

"Bon. Uchawi ya umeme."

Watu wakacheka. Binti yangu akampa anwani ya ukurasa. Mama akafungua simu yake. Ilikuwa nzuri, kubwa, amepewa na mkwe wake, kijana anayecheza na hizo sarafu za mtandaoni, alipojinunulia nyingine. Pochi ilikuwa tayari humo ndani. Sisi tulifurahi: kazi imepungua. Akabonyeza "Unganisha pochi", akachagua, akabonyeza tena.

Simu haikumuuliza kitu. Iliingia moja kwa moja.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, ninaona kioo. Juu kabisa palitokea jina la ajabu, si Depo Mbili, na alama yenye rangi ambayo sijawahi kuiona. Chini palipaswa kuwa na maharage. Palikuwa na sifuri. Karibu na sifuri, sifuri nyingine.

Mama akasugua kioo kwa kitenge.

"Bitu yangu iko wapi?"

"Umekalia," mmoja wa akina mama wa kwetu akasema, na kicheko kikaanza.

"Mi siulize matako yangu, mi nauliza simu! Inaandika ziro. Na huyu juu ni nani? Juu ya nini kuko jina ya batu mi sijue?"

Kicheko kikafa. Binti yangu akapiga magoti kando yake, akatazama simu. Alijua papo hapo. Ile pochi ilikuwa imeshawajua wenye mia mbili na hamsini wa ng'ambo ya bahari, tangu enzi za mkwe. Kwa hiyo ilipoambiwa tunaenda mia mbili na hamsini, haikuona sababu ya kuuliza. Ilimpeleka kwao. Na kwao, kwa kweli, hana hata punje.

Alimweleza vizuri, kwa heshima, neno kwa neno. Mimi nikaharibu.

"Maman, magunia si haya hapa? Geuka uyaone! Simu ni simu tu!"

Akasimama. Huyu ni mtu ambaye nimegombana naye juu ya bei, juu ya uzito, juu ya mvua, na siku zote akipiga kelele najua mambo yako sawa. Siku hiyo hakupiga kelele.

"Mzee. Leo macho yangu inaona. Kesho barrière ikifunga, macho yangu itaona nini? Itaona hii. Ziro, na jina ya batu wengine. We njo uliniambia nitalala."

Nililipiga gunia lake kofi, asikie lilivyojaa.

"Naondoa bitu yangu yote," akasema. "Leo."

Naomba mtu aelewe uzito wa maneno hayo. Si maharage. Maharage yangeweza kulala popote. Lakini siku hizi hapa kwetu, kila kitu kinaulizwa ni cha upande gani, na kati ya depo yake na yangu palikuwa hapajaulizwa swali hilo hata mara moja. Akiondoa yake kwangu, nami ningeondoa yangu kwake, wale wote wa nyuma yetu wangefuata, na basi, yamekwisha, mlango umefungwa na sisi wenyewe, bila hata askari kuinua mkono.

Wabebaji walikuja upesi. Wao wanasikia harufu ya mzigo. Akina mama wenye migongo ya chuma, na wale ndugu zetu walemavu wa miguu, wa baiskeli za magurudumu matatu wanaozisukuma kwa mikono, wakapanga foleni mlangoni kwangu. Gunia la kwanza likatoka.

"Unaweza kuirekebisha?" nikamuuliza binti yangu.

"Kwenye ukurasa ni dakika chache. Lakini namba haiko kwenye ukurasa tu, Papa. Mtandao wenyewe umezaliwa nayo, kwenye kompyuta zote mbili. Lazima nizime zote, nianze upya na namba nyingine, halafu niingize mali yote tena."

"Fanya."

"Ya huku nitaizima. Ya Birere, niliyomwekea Maman kwake, inafunguliwa kwa neno la siri. Analijua yeye peke yake."

Mama alikuwa tayari amefika barabarani, anaelekea barrière kupokea mzigo upande wa pili. Nilitaka kumkimbilia. Binti yangu akanishika shati.

"Wewe kaa. Ukiongea utaongeza."

Akatoka yeye. Nikamfuata nyuma kidogo, kwa mbali, kama mtu aliyepita tu. Nilimsikia akisema, "Maman, chukua yote, ni yako. Ila naomba ukifika uweke lile neno, niizime ile mashine. Mali ya wale mama wengine imo humo, isibaki kwenye jina lisilo lake."

Mama akatembea. Binti akatembea kando yake. Karibu na kamba ya foleni, mama akasimama, akamtazama.

"We mutoto uko na heshima. Uliitoa wapi? Kwa huyu anayejificha nyuma ya mwenye kuuza maandazi, hapana."

Akavuka. Hakusema ndiyo wala hapana.

Nilirudi depo. Sikuweza kubaki. Nilienda mpaka kona ambapo ziwa linaonekana, nikarudi. Nikashika gunia nisaidie, nikaona ninasaidia kujifilisi, nikaliacha. Nikaenda tena. Kila nikirudi, ukuta wa magunia ulikuwa umeshuka, na nyuma yake nikaanza kuona sehemu ya chokaa ambayo sikuwa nimeiona kwa miaka, na ufa ambao sikujua kama upo. Binti yangu alikuwa kwenye meza yake, vidole vinakimbia.

"Papa, kaa."

"Nimekaa."

"Umesimama juu ya waya wangu."

Nikahama. "Namba umeweka gani?"

"Safari hii huchagui."

"Nimeuliza tu."

"Ndefu. Nimeitafuta kwenye orodha ya dunia nzima, haina mwenyewe."

Mbebaji mmoja wa Goma, mama mnene aliyekuwa anafunga kamba ya gunia, akadakia, "Weka mia mbili arobaini na tatu! Ya Congo!"

"Sitaki ya nchi yoyote, Maman," binti yangu akasema bila kuinua kichwa.

"Na hiyo uliyoweka ina maana gani?" nikauliza.

"Haina maana."

"Namba isiyo na maana?"

"Ndiyo maana nimeipenda."

Nikatoka tena nje. Nikarudi. Wakati huo alikuwa ameanza kuandaa mali ya kuingiza upya, na ameacha kuandika, mikono hewani.

"Niandike maharage gani, Papa? Ninaandika huku yanatoka."

"Andika yaliyobaki."

"Yaliyobaki sasa hivi, au yaliyobaki baada ya yule dada pale mlangoni?"

Nikaenda kumtazama yule dada; gunia lilikuwa tayari mgongoni.

Tulikuwa tunangoja alama moja tu kwenye kioo chake, alama ya kompyuta ya Birere. Ilikuwa ya kijivu. Alisema ikiwa ya kijani, mama ameweka neno. Nilivuta kigoda nikakaa mbele ya hiyo alama, nikasimama, nikakaa. Nilijisemea moyoni mambo mengi, mengi yake ya kumlaumu mkwe, kijana ambaye sijawahi hata kumwona. Gunia likatoka. Jingine likatoka. Mvua ikatishia upande wa mlima, ikabadili nia.

Kijani.

Binti yangu alinionyesha kwa kidevu na vidole vikaanza tena, haraka kuliko mwanzo. Nilitoka mbio nikawaambia wabebaji wangoje. Wakaniambia wao wanamsikiliza mwenye mali, si mwenye nyumba. Ni haki yao.

Mama alirudi jua likiwa bado juu kidogo, kabla ya kufunga barrière, kuja kutazama magunia ya mwisho. Hakunisalimia. Akasimama katikati ya depo iliyobaki nusu, mikono kiunoni, wale wenzake wamerudi naye kuona sinema inavyoisha.

"Iko tayari, Maman," binti yangu akasema. "Namba mpya. Pochi yako haiijui, kwa hiyo itakuuliza. Ukitaka, jaribu."

Mama hakutoa simu. Alinigeukia mimi.

"Mzee, kwenu mutu akileta pombe mbele ya mugeni, nani anaanza kuonja?"

"Mwenye nyumba," nikasema. Kila mtu anajua hilo. Mwenye nyumba anaonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ndipo anampa. Asiyeonja ana kitu anachokijua.

"We ulionja?"

Depo nzima ikanitazama. Ukweli ni kwamba simu ninayo, alininunulia binti yangu, natumia kutuma sauti na kupokea picha za harusi. Pochi sikuwa nayo. Yale mawese yangu yaliyokuwa yanaonekana kwenye mtandao, aliyatilia saini binti yangu kwenye simu yake, kwa niaba yangu. Nilikuwa nimewaita watu wa nchi mbili kuingia mahali ambapo mguu wangu haujakanyaga.

"Bado," nikasema.

"Donc we unatupikia, we mwenyewe haulake."

"Lete simu, Papa," binti yangu akasema taratibu.

Kutengeneza pochi si kazi, mpaka ufike kwenye maneno. Inakupa maneno kumi na mawili ya siri, ya Kiingereza, uyaandike kwa mkono wako mwenyewe, kwenye karatasi, na mtu mwingine asiyaone, maana anayeyajua ndiye mwenye pochi. Binti yangu akarudi nyuma. "Hata mimi sipaswi kuona."

Mimi Kiingereza sijui. Na herufi zangu ni za magunia, kubwa zote. Zile za kwenye simu zilikuwa ndogo, zimepinda, nyingine zinafanana kama mapacha. Watu walikuwa wamejaa, shingo zimenyooka. Nikashika kalamu, nikatazama herufi, nikatazama watu.

Mama wa Birere ndiye aliyepiga makofi.

"Mugeuke! Banamama wote! Kila mutu aangalie ukuta! Ni siri ya mutu!"

Wakageuka. Wabebaji nao. Kundi zima likatazama ukuta wangu wenye ufa, yeye mwenyewe wa kwanza, na nikaanza kuchora. Herufi moja, nyingine. Nilikuwa natoka jasho kama ninabeba. Mtu akakohoa. Mtu mwingine akaanza kucheka kwa puani.

"Mzee," mama akasema bila kugeuka, "unaandika ao unachonga mbao?"

"Tazama ukuta, Maman."

"Naitazama. Iko na ufa. Leta fundi."

Nilimaliza. Simu ikanijaribu, ikaniuliza neno fulani lilikuwa la ngapi, nikakosea, ikaniuliza tena, nikapata. Nilikunja karatasi nikaiweka ndani ya soksi. Hakuna aliyeniambia niiweke hapo, niliamua mwenyewe.

"Sasa mgeuke."

Nikafungua ukurasa. Nikabonyeza "Unganisha pochi". Pochi ikatokea, ikasimama. Ikaniuliza, kwa Kiswahili alichoiwekea binti yangu. Nikasoma kwa sauti, polepole, ili wote wasikie: ukurasa huu unaomba kuongeza mtandao. Jina, Depo Mbili. Namba, nikaisoma tarakimu moja moja mpaka nikachoka. Sarafu, debe. Mlango, anwani hii. Na chini kulikuwa na onyo dogo, na sikuliruka: pochi inasema mtandao huu haiujui, mtu awe mwangalifu.

"Haikujue?" mama akauliza.

"Hainijui."

Akafikiri. "Bon. Bora isikujue kuliko ikuite jina ya mwingine."

Nikakubali. Kioo kikazunguka kidogo, kikafunguka. Binti yangu akanihamishia mawese yangu kutoka kwenye pochi yake, nikayaona, mabidoni yangu kule Birere, kwa jina langu, yamepangwa. Nilimwonyesha mama. Alitazama kwa muda mrefu, kwa jicho la mtu anayejua kilichomo nyumbani kwake.

"Njo yenyewe," akasema. "Paka vile." Kwao maana yake ni ndivyo kabisa.

Akatoa simu yake. Wote tukasogea. Akabonyeza, akachagua, na safari hii pochi yake ikasimama mbele yake kama mgeni mwenye adabu na kumuuliza kama inaruhusiwa. Binti yangu akatabasamu. Mimi pia nilikuwa nimeanza.

Mama akabonyeza kukataa.

"Maman!" nikapaza sauti.

Yeye aliinua simu karibu na uso, akatazama ukurasa. Haukuingia. Jina halikubadilika. Hapakuwa na maharage wala sifuri, palikuwa na kitufe tu, kimetulia, kinangoja nje. Akangoja nacho. Wabebaji wakangoja. Huko nje mtu alikuwa anapiga kelele kwamba barrière inakaribia kufunga, na hakuna aliyesogea.

Aliporidhika kwamba kitu hiki kikikataliwa kinabaki nje, alikibonyeza tena, akasoma kila kitu kuanzia mwanzo, na akakubali.

Maharage yake yakatokea, yale yaliyobaki.

"Hizi zilale," akawaambia wabebaji, akinyoosha kidole kwenye magunia ya mwisho. Yale yaliyokwisha kuvuka hakuyarudisha.